Fleming alituachia dawa na onyo. Tulichukua dawa tu

Ni madaktari wachache waliopata kuandikwa katika vitabu vya shule ulimwenguni kote kama Alexander Fleming, Mskoti aliyevumbua penisilini. Hata mtoto wa shule ya msingi ataweza kukusimulia habari za kisahani cha maabara, kuvu iliyoota ndani yake bila kualikwa, na daktari aliyekuwa na jicho la kuona kile ambacho wengine wangekitupa. Habari hizo ni za kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili haisimuliwi sana. Mtu huyu, wakati dunia ilipokuwa ikimpigia makofi, alisimama akaieleza waziwazi namna dawa yake itakavyokuja kuharibiwa na wale wale waliokuwa wakiishangilia. Madhumuni ya makala haya ni kuyasimulia maisha yake ili nusu hizo mbili zionekane kuwa kitu kimoja, kwa kuwa ninaamini kwamba nusu iliyosahauliwa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaoishi leo.

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti mwaka wa 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, huko Ayrshire, Scotland. Baba yake, Hugh, alikuwa mkulima aliyeoa mara ya pili akiwa mtu mzima sana, naye alifariki Alexander akiwa na umri wa miaka saba. Mama, Grace, ndiye aliyebaki na shamba na watoto. Watoto hao walikwenda shule kwa miguu, kiangazi na kipupwe, wakivuka mabonde na vijito, wakivua samaki kwa mikono na kutafuta viota vya ndege. Baadaye maishani Fleming aliamini kwamba mazoea yake ya kuangalia vitu vidogo kwa makini aliyapata huko mashambani, wala si chuoni.

Hapa inafaa tuondoe uzushi mmoja. Iko hadithi inayosimuliwa mara kwa mara mimbarini na katika vitabu vya mawaidha, kwamba baba yake Fleming alimwokoa Winston Churchill utotoni, na kwamba baba yake Churchill akamlipia kijana Fleming karo kwa shukrani. Kisha penisilini ikaja kumwokoa Churchill mara ya pili alipougua nimonia wakati wa vita. Ni hadithi tamu, ila haina ukweli. Churchill alipougua nimonia mnamo Desemba 1943 alitibiwa kwa dawa za jamii ya salfa, na karo ya Fleming ilitoka mahali pengine kabisa.

Akiwa na umri wa miaka kama kumi na mitatu, Fleming alihamia London kuishi na kaka yake, Tom, aliyekuwa daktari. Alisoma kwa muda katika chuo cha ufundi, kisha akaajiriwa kama karani katika kampuni ya meli, kazi aliyoifanya kwa miaka minne bila kuipenda. Mnamo mwaka wa 1901 mjomba wake alifariki na kumwachia fedha kidogo za urithi, na Tom akamshauri azitumie kusomea udaktari. Alifaulu vizuri katika mitihani ya kuingia, akachagua hospitali ya St Mary's iliyoko Paddington. Hakuichagua kwa sifa zake za elimu. Aliichagua kwa kuwa aliwahi kucheza mchezo wa mpira wa majini dhidi ya timu yake. Alipohitimu mwaka wa 1906 alikusudia kuwa mpasuaji, lakini nahodha wa timu ya kulenga shabaha hospitalini hakutaka kumpoteza mpigaji hodari kama yeye, akamtafutia nafasi katika idara ya utafiti wa viini. Hivyo ndivyo alivyoingia katika maabara ambamo angefanya kazi karibu maisha yake yote.

Mkuu wa maabara hiyo alikuwa Almroth Wright, mmoja wa waliotengeneza chanjo ya kwanza ya homa ya matumbo. Wright aliamini kwamba kinga ya mwili wenyewe ndiyo tabibu mkuu, na kwamba kazi ya daktari ni kuisaidia. Fleming aliyachukua mafundisho hayo kwa dhati. Alikuwa mtu mfupi wa kimo, mkimya, asiyependa kubishana. Lakini mikono yake ilikuwa stadi na macho yake hayakukosa kitu. Alikuwa na mchezo mmoja ambao wenzake waliuona wa kitoto: alichora picha kwa kutumia viini vyenyewe, akivipanda kwenye lishe iliyogandishwa, kila aina na rangi yake, kisha akingoja vikue mpaka picha ya nyumba au ya askari ijitokeze.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Fleming na Wright walipelekwa Boulogne, Ufaransa, kuwahudumia majeruhi. Huko aliona jambo lililomtia huzuni ambayo haikumtoka tena. Wakati huo madaktari walizoea kumwaga dawa kali za kuua viini ndani ya majeraha. Fleming aligundua kwamba jeraha la bomu si kama mkwaruzo wa juu: lina mashimo na vichochoro ambamo dawa haifiki, na viini vilivyojificha humo huendelea kuzaana. Wakati uo huo, dawa ile ile huziua chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Ili kuthibitisha hoja yake alitengeneza mfano wa jeraha kwa mrija wa kioo wenye miiba iliyo mashimo ndani, akaonyesha jinsi viini vinavyobaki salama miibani hata baada ya mrija kuoshwa kwa dawa. Aliyaandika hayo, lakini wapasuaji wengi waliendelea na mazoea yao. Tangu hapo Fleming alikuwa akitafuta kitu kimoja: dawa itakayomdhuru adui pasi na kumdhuru mwenye mwili.

Dalili ya kwanza aliipata mnamo mwaka wa 1921, alipokuwa na mafua. Alichukua kamasi yake mwenyewe akaiweka katika kisahani cha viini, akaona viini vinayeyuka. Kimeng'enya hicho, alichokiita lisozimu, alikikuta pia katika machozi, mate na utando mweupe wa yai. Kwa muda fulani maabara yake iligeuka mahali pa kuliza watu: alikata malimau, akawaminyia wanafunzi na watumishi machoni, akayakusanya machozi yao kwa malipo ya senti chache. Kwa bahati mbaya, viini vilivyoyeyushwa na lisozimu vilikuwa vile visivyoleta maradhi makubwa. Hata hivyo, aliyekwisha kuona viini vikiyeyuka mara moja angeweza kuitambua hali hiyo akiiona mara ya pili.

Mara hiyo ya pili ilikuwa tarehe 3 Septemba mwaka wa 1928. Fleming alirejea kutoka likizo akaanza kukagua visahani alivyoviacha mezani, vyenye viini vya stafilokokasi, ambavyo huleta majipu na usaha. Kimoja kilikuwa kimeota kuvu, kama ile inayoota kwenye mkate uliolala. Kando ya kuvu hiyo, viini vilikuwa vimetoweka. Mbali nayo, vilistawi kama kawaida. Alikitenga kisahani, akaikuza kuvu hiyo peke yake, na tarehe 7 Machi 1929 akakipa jina la penisilini kile kimiminika kilichotokana nayo. Aliwapima nacho viini aina kwa aina. Aliona kwamba kiliua viini vya nimonia, vya kisonono na vya homa ya uti wa mgongo, na kwamba hakikuzidhuru chembe nyeupe za damu, jambo alilolitafuta tangu Boulogne. Lakini aliona pia, na hili ni muhimu kwa hoja yetu, kwamba kuna viini ambavyo havikujali penisilini hata kidogo. Tangu siku za mwanzo, basi, alijua kwamba dawa yake ina mipaka.

Makala yake ya mwaka huo haikuwashtua wengi. Penisilini ilikuwa vigumu kuitenga, iliharibika upesi, na Fleming hakuwa mwanakemia. Hakufanya hata jaribio la kumdunga panya aliyeambukizwa. Alichofanya ni kuihifadhi mbegu ya kuvu ile na kuwagawia wataalamu waliotaka. Haki inatudai tuseme kwamba kama habari ingeishia hapo, pengine leo tusingelijua jina lake.

Waliochukua hatua iliyofuata walikuwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford: Howard Florey kutoka Australia, Ernst Chain, Myahudi aliyekimbia utawala wa Hitler, na Norman Heatley, fundi asiyeshindwa na chombo. Tarehe 25 Mei 1940 waliwadunga panya wanane viini vya kuua. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakaachwa. Kufikia kesho yake wale wanne walioachwa walikuwa wamekufa, na waliotibiwa walikuwa hai. Kwa kuwa ilikuwa wakati wa vita na vifaa vilikuwa haba, waliikuza kuvu katika vyombo vya haja vya wagonjwa, makopo ya maziwa na chochote walichokipata. Mnamo Februari 1941 walimtibu polisi mmoja ambaye uso wake ulikuwa ukiliwa na viini. Kwa siku chache alipata nafuu ya ajabu. Kisha dawa ikaisha. Waliikusanya ile iliyotoka katika mkojo wake, wakaisafisha na kumpa tena, nayo pia ikaisha. Ugonjwa ukamrudia, akafariki katikati ya mwezi wa Machi.

Naomba msomaji azingatie tarehe nyingine iliyo karibu na hizo. Mnamo Desemba 1940, kabla ya polisi yule kupata sindano yake ya kwanza, Chain na mwenzake Edward Abraham walikuwa wamekwisha kuchapisha taarifa kwamba wamepata kiini chenye kimeng'enya kinachoiharibu penisilini. Usugu ulikuwapo kabla ya dawa kufika hospitalini. Haukuletwa na uzembe wa watu. Ulikuwa sehemu ya maumbile, kwa sababu kuvu na viini vimekuwa vikipigana ardhini tangu zamani za zamani. Kilichoongezwa na watu ni kuupa usugu huo nafasi ya kutamalaki.

Florey na Heatley walivuka bahari kwenda Marekani mwaka wa 1941, na huko Peoria, Illinois, penisilini ikaanza kutengenezwa kwa wingi. Wanajeshi wa Washirika walipotua Normandy mnamo Juni 1944, dawa ya kuwatosha majeruhi ilikuwa tayari. Fleming naye alikuwa ameijaribu mwenyewe mwaka wa 1942, alipompa penisilini iliyotoka kwa Florey mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo aliyekuwa akikata roho, naye akapona. Magazeti yakalishika jina la Fleming. Florey hakupenda waandishi wa habari, na jina lake likabaki nyuma, jambo lililowauma wana Oxford kwa miaka mingi. Fleming alipewa cheo cha ubwana mwaka wa 1944, na mwaka uliofuata yeye, Florey na Chain wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Tarehe 11 Desemba 1945 alisimama mjini Stockholm kutoa mhadhara wake. Alisimulia habari za kuvu na kisahani kwa unyenyekevu, akikiri nafasi ya bahati. Karibu na mwisho aligeukia jambo jingine. Alieleza kwamba si vigumu kuvifanya viini viwe sugu katika maabara: unavipa penisilini kidogo, isiyotosha kuviua, na vile vinavyosalia huizoea. Akahofia kwamba siku itafika ambapo penisilini itauzwa madukani kwa kila atakaye, na mtu asiyejua atajipa dozi pungufu. Ili aeleweke, alitoa mfano wa kubuni. Mtu fulani ana maumivu ya koo. Anajinunulia penisilini, anatumia kidogo, isiyotosha kuviua viini ila inayotosha kuvifundisha. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, lakini dawa haifui dafu, naye anakufa. Fleming aliwauliza wasikilizaji wake ni nani wa kulaumiwa, na jibu lake mwenyewe lilikuwa kwamba ni mume, ambaye kwa uzembe wake alikibadilisha kiini.

Mtaalamu wa leo atasema kwamba mfano huo ulikosea katika jambo moja, nalo ni kwamba kiini cha koo alichokitaja, yaani streptokokasi, hakijapata usugu huo dhidi ya penisilini mpaka sasa. Viini vingine, hata hivyo, vilitimiza utabiri wake haraka kuliko alivyodhani. Uzito wa mfano uko mahali pengine. Katika hadithi ile aliyekosea hakufa. Aliyekufa ni mwingine, aliyefuata masharti yote. Dawa nyingine mtu akizitumia vibaya anajidhuru mwenyewe. Hii, akiitumia vibaya, anamdhuru jirani.

Nikiwa mwanaisimu, ningependa kutua kidogo katika neno lenyewe. Kiswahili kina neno sugu, yaani ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mshika jembe, au kwenye paji la uso la mtu anayesujudu sana. Hutokana na kusuguliwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, pasipo kuchubuliwa kabisa. Ni vigumu kupata neno linalofaa zaidi. Lakini neno jema laweza kutumiwa vibaya. Tunaposema usugu wa dawa, kana kwamba dawa ndiyo iliyoota sugu, au mgonjwa anaposema kwamba mwili wake umeizoea dawa fulani, maana huwa imepotea njia. Dawa haikubadilika, na mwili wa mgonjwa haukubadilika. Kilichobadilika ni kiini. Kosa hili la lugha lina madhara yake. Anayeamini kwamba ni mwili wake ulioizoea dawa atadhani kwamba tatizo ni lake peke yake, na kwamba mtu ambaye hajawahi kumeza dawa hiyo yuko salama. La hasha. Kiini kilichokwisha kuwa sugu huhama na usugu wake, kikamwingia hata mtoto mchanga ambaye hajaonja kidonge maishani mwake.

Historia ya miaka iliyofuata imeyathibitisha hayo. Uingereza yenyewe ilitunga sheria mwaka wa 1947 ya kuzuia penisilini isiuzwe bila cheti cha daktari, lakini ndani ya hospitali mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Katika hospitali moja ya London, daktari Mary Barber alionyesha kwamba kufikia mwaka wa 1948 zaidi ya nusu ya stafilokokasi waliotoka kwa wagonjwa hawakusikia penisilini. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Japani, wakichunguza milipuko ya kuhara damu, waligundua kwamba kiini kimoja kinaweza kukigawia kingine usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja, kama jirani anayempa mwenzake ufunguo. Fleming aliaga dunia kwa ugonjwa wa moyo tarehe 11 Machi 1955, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's, London. Alikuwa ameuona mwanzo tu. Dawa ya methisilini iliyotengenezwa kupambana na stafilokokasi sugu ilianza kutumiwa karibu na mwaka wa 1960. Mwaka wa 1961 viini vinavyoishinda viliripotiwa huko huko Uingereza. Kisonono kinachoiharibu penisilini kikajulikana mwaka wa 1976. Mwaka wa 1977 Afrika Kusini iliripoti viini vya nimonia vilivyozishinda dawa kadhaa kwa mpigo.

Afrika Mashariki nayo ina ukurasa wake katika historia hiyo. Kipindupindu kilipozuka Tanzania mwaka wa 1977, tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na hata kwa wasio wagonjwa ili kuwakinga. Mwanzoni viini vyote vilivyopimwa viliisikia dawa hiyo. Baada ya miezi mitano hivi, takriban robo tatu yake vilikuwa sugu. Nia ilikuwa njema na hofu ilikuwa ya haki, lakini viini havijui nia. Ugonjwa ambao tiba yake kuu ni maji yenye chumvi na sukari, na ambao kinga yake ni maji safi na choo, ulipiganwa kwa dawa iliyohitaji kutunzwa, na dawa ikachakaa katikati ya mapigano.

Wakenya wa makamo wataikumbuka pia klorokwini. Malaria hailetwi na bakteria, lakini kanuni ni ile ile. Dawa hiyo chungu iliyouzwa hata katika maduka ya vijijini ilipoteza makali yake, na mwaka wa 1998 serikali ikalazimika kuiacha. Dawa iliyoifuata haikudumu. Kufikia mwaka wa 2004 sera ilibadilishwa tena na kuleta dawa mseto, zilizo ghali zaidi. Katikati ya mabadiliko hayo ni watoto waliokufa wakiwa wamemeza dawa ambayo wazazi wao waliiamini.

Yote haya hayamaanishi kwamba zawadi ya Fleming imekuwa laana. Kati ya mwaka wa 1952 na 1964, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliwatibu watu zaidi ya milioni 50 kwa sindano ya penisilini dhidi ya buba, ugonjwa uliowakata watu viungo na kuwaharibu nyuso, na buba ikapungua kwa takriban asilimia 95. Mama anayejifungua kwa upasuaji, mtu aliyevunjika mfupa, mgonjwa wa saratani anayepewa dawa za kudhoofisha kinga, wote hawa husalimika kwa sababu viini vinaweza kuzuiwa. Hilo ndilo tulilo nalo la kupoteza. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 1.27 walifariki moja kwa moja kutokana na bakteria sugu, na kwamba hakuna sehemu ya dunia iliyokuwa na kiwango kikubwa cha vifo hivyo kuliko Afrika iliyo kusini mwa Sahara.

Mume wa mfano wa Fleming alikuwa mzembe. Sina hakika kwamba wa kwetu ni mzembe vivyo hivyo. Anayeingia dukani na kuomba vidonge vinne vya amoksilini badala ya dozi kamili, aghalabu hafanyi hivyo kwa ujinga. Anahesabu fedha zilizo mfukoni. Hakwenda hospitali kwa sababu foleni ni ndefu, na huenda akifika hakuna maabara ya kumwambia kama ana bakteria au ana homa ya virusi, ambayo penisilini haiwezi kuifanya lolote. Homa ya matumbo aliipata kwa maji ya bomba lililopasuka kando ya mtaro wa maji taka. Kumwambia mtu huyu amalize dozi na kuishia hapo ni kumtwika yeye peke yake mzigo wa wengi. Yumo mwenye duka anayeuza bila cheti ilhali sheria yamkataza. Yumo daktari anayeandika dawa ili mgonjwa asiondoke akinung'unika. Yumo mfugaji anayewawekea kuku dawa hizo katika chakula ili wasiugue. Na imo serikali, ambayo mwaka wa 2017 ilitoa mpango wa kitaifa wa kukabiliana na usugu. Mpango ulioandikwa vizuri, lakini mpango hauchimbi mitaro wala haujengi maabara.

Basi tufanyeje? Mwananchi asidai sindano kwa kila mafua, na akiandikiwa dawa aitumie kama alivyoagizwa, asimgawie jirani iliyobaki. Mwenye duka aheshimu sheria. Serikali ihakikishe kwamba dozi kamili ya dawa za kawaida haimshindi maskini, kwamba kila kaunti ina maabara inayoweza kupima viini sugu, na zaidi ya yote kwamba maji ni safi, kwani kiini ambacho hakikumwingia mtu hakihitaji dawa. Nasi walimu na waandishi tuseme jambo hili kwa Kiswahili kinachoeleweka: kinachoota sugu ni kiini, si mgonjwa wala dawa.

Fleming hakuwa nabii. Alikuwa mtu aliyezoea kuangalia visahani, akasema kile alichokiona. Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika jambo hili, guu litakalovunjika huenda likawa la mtu mwingine, ambaye hata hakuwapo wakati onyo lilipotolewa.